Anord Wawili wa Mgwashi

Mchungaji alikuwa bado mgeni pale usharikani, hana hata miezi mitatu tangu ahamishwe kutoka tambarare, ndiyo maana aliuliza lile swali kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa amesoma tangazo la ndoa kama lilivyoandikwa: Anord Kornelio Shemhando na Glory Yoeli Shekolowa, wote wa Mgwashi, wanatangazwa kwa mara ya pili. Mwenye pingamizi na aseme. Waumini walishaanza kufunua vitabu vya nyimbo. Pingamizi la ndoa ni kitu cha kusikia kwa wengine, na watu walikuwa wakiwaza viazi vilivyoachwa jikoni.

"Mimi ninalo."

Sauti ilitoka benchi la mwisho. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mgeni, mtoto amelala mgongoni, viatu vimejaa vumbi la njia ya Soni. Mkononi alishika bahasha ya kaki.

"Huyo Anord Kornelio Shemhando ni mume wangu," alisema. "Tulifunga ndoa Makambako, kanisani, mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Cheti hiki hapa. Mimi naitwa Modesta. Kadi ya mchango wa harusi yake nimeiona kwenye simu ya mnunuzi wa viazi, nimepanda mabasi matatu kuja kuona kwa macho yangu."

Mchungaji alivua miwani. Akamwomba bwana harusi asimame ili mama huyu amtambue.

Kwenye benchi la tatu akasimama Anord, kijana mfupi mwenye masikio makubwa na mikono iliyopasuka kwa kazi ya shamba. Modesta alimtazama kutoka juu mpaka chini, akarudia tena kutoka chini mpaka juu.

"Huyu simjui," alisema.

Hapo watu wangecheka. Hakuna aliyecheka. Kanisa zima, kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe, kwaya pamoja na wazee wa kanisa. Hicho ndicho kilichomtia mchungaji hofu: watu karibu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kushangaa.

"Kesho Jumatatu, saa nne, ofisini kwangu," alisema. "Familia yote. Na huyo mume wa mama huyu naye aje, popote alipo."

*

Mgwashi nzima ilijua. Kornelio na Yudith walikuwa na watoto wawili wa kiume, Kristian aliyezaliwa mwaka tisini na Anord aliyezaliwa tisini na saba. Kristian alikuwa na mguu wa kushoto wa ajabu. Alipofika miaka ishirini, mwalimu mmoja wa mpira alipita akitafuta vijana wasiozidi kumi na saba, na Yudith, kwa mapenzi ya mama na kwa haraka ya siku ile, alifungua sanduku akamkabidhi Kristian cheti cha ubatizo cha mdogo wake Anord. Ilikuwa iwe kwa mashindano yale tu, wiki mbili na mambo yaishe. Sasa ilikuwa miaka kumi na nne.

Kwa cheti kile Kristian alipata kitambulisho cha taifa, leseni ya mchezaji na mikataba. Alicheza beki wa kushoto Songea, Mbeya, Makambako, Kahama, Singida na Bukoba, msimu huku msimu kule, begi moja na goti moja linalovimba kila baada ya mechi. Hakuwahi kuwa nyota. Alikuwa mchezaji ambaye kocha anamkumbuka pale mwingine anapoumia. Redio ikitaja "Anord Shemhando", wanywa kahawa wa Mgwashi walikuwa wakipiga meza na kusema, "Kristian wetu huyo!" Na hawakuona tatizo lolote.

Tatizo lilikuwa la Anord mwenyewe. Hakuthubutu kwenda kuandikishwa kitambulisho, maana jina lake lilishaandikishwa kwa alama ya kidole cha mtu mwingine. Laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la mama yake. Mkopo wa mbolea wa kikundi, jirani ndiye aliyemchukulia. Pasaka moja Kristian alipomleta Modesta kuonana na wakwe, Anord aliambiwa ashuke Mnazi akapalilie mahindi ya mjomba, akakaa huko siku tisa mpaka wageni walipoondoka. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kusema "sawa", na nyumba ile ilikuwa imemzoea hivyo.

*

Baada ya ibada, nyumbani kwake, Yudith aliweka chai na viazi mbele ya Modesta. Modesta aliwaamkia wakwe zake inavyotakiwa, akamkalisha mtoto wake, Loveness, kwenye mkeka, yeye mwenyewe hakugusa kikombe. Kornelio akaanza kuongea na mkewe kwa Kishambaa, haraka haraka, na Anord akawajibu kwa Kishambaa hicho hicho.

"Semeni Kiswahili," Modesta alisema. "Mlinifanyia hivi hivi ile Pasaka. Nikadhani ndiyo desturi yenu."

Kornelio akakohoa. "Mwanangu, hapa pana mkanganyiko kidogo. Huku kwetu majina yanarudiwa. Mtoto wa mdogo wangu naye ni Anord. Ndiyo huyo mumeo. Nilimlea mimi."

"Na mdogo wako naye anaitwa Kornelio Shemhando?"

Yudith akainamia birika kana kwamba linavuja.

Modesta akatoa simu, akatafuta picha ya harusi yake, akamsogezea Anord usoni. "Shemeji, huyu ni nani?"

Anord alimtazama baba yake kwanza. "Ni kaka yangu."

"Wa kuzaliwa tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na saba," alisema Anord, na alipoisema tu akajua amekosea.

Miaka mitano huko Makambako Modesta alikuwa akitaniwa sokoni, dada mtu mzima kaolewa na dogo. Shangazi yake alikataa kuja harusini kwa sababu hiyo. Mwenyewe alikuwa na miaka thelathini, na kwa hesabu ya cheti cha ndoa mumewe alikuwa na ishirini na saba, na mara ngapi alijitazama kwenye kioo akijiona anazeeka peke yake.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Mtoto aliomba kiazi kingine.

"Nimeuliza jina la mume wangu. Baba, anaitwa nani?"

"Atakwambia mwenyewe," alisema Kornelio. "Nimempigia. Kesho anakuja."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na Kornelio alilieleza taratibu, mkono kwenye goti, bila kulitaja jina. Kristian alikuwa kambini huko pwani, timu ya daraja la kwanza imemkubali kwa msimu mmoja, na Jumatatu ile ile jioni alikuwa asaini. Pengine ndiyo saini yake ya mwisho. Ikijulikana kwamba jina si lake, hakuna saini, na kuna kufungiwa, na huenda kuna polisi. Kwa upande mwingine, pingamizi lisipoondolewa, Anord haoi. Ndugu wa Glory kutoka Magoma walikuwa wameshaanza kupiga simu kuuliza kama binti yao anaingizwa kwa mume wa mtu. Lakini kulikuwa na mlango mmoja. Mchungaji amesema mwenye pingamizi akiliondoa mwenyewe kwa maandishi, basi limekwisha na halina maswali.

"Uandike tu kwamba ulifananisha jina," alisema Yudith. "Watoto wangu wote wawili wako mikononi mwako, Mama Loveness."

Alisema hivyo akiwa amepiga magoti, na Modesta, aliyelelewa kutopigiwa magoti na mtu mzima, alilazimika kuinuka kumshika mabega. Hata hasira yake walikuwa wamemnyang'anya.

*

Jioni walikutana bombani, Glory na Modesta, kila mmoja na ndoo yake. Glory alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu asubuhi alikuwa amelia mpaka uso umevimba.

"Dada, sikujua kama hujui," alisema. "Nilidhani wake huwa wanaambiwa."

"Wewe unalijua jina lake?"

"Ninalijua."

"Niambie basi."

Glory alitazama maji yanavyojaa. "Nimekatazwa."

"Gauni umeshashona?"

"Lipo kwa fundi Bumbuli. Limebaki kupimwa tu." Glory akaanza kulia upya. "Anord hajawahi kuwa na kitu chake, dada. Nikimwambia twende tufungue akaunti, anasema baadaye. Nikimwambia twende Tanga, anaogopa kuulizwa kitambulisho njiani. Nilimwambia, angalau kanisani utaitwa jina lako, na mimi nitasikia."

Modesta akamsaidia kuinua ndoo. Alikuwa amekuja na maneno ya kumtukana msichana huyu, aliyapanga vizuri tangu Morogoro, na sasa hayakuwa na pa kwenda.

*

Saa tatu na nusu asubuhi gari dogo jeupe lilipanda likiteleza kwenye utelezi wa mvua ya alfajiri. Aliyeendesha aliitwa Edgar, meneja wa ile timu, mtu mnene mwenye maneno mengi. Alikuwa amejitolea kumleta mchezaji wake amalize shughuli ya harusi ya mdogo wake na kumrudisha papo hapo.

"Anord! Saa saba tuwe barabarani," alimwambia akizima gari kwenye uwanja wa kanisa. "Mwenyekiti hapendi kusubiri."

"Sawa, bosi," alijibu Kristian, akashuka kwa mguu wa kulia kwanza ili goti la kushoto lisionekane.

Mwanamke mzee aliyekuwa akipita na kuni alimwona, akafurahi, akaanza, "Kri—" Kisha akaliona gari, akamalizia kwa kikohozi kirefu. Edgar akamshauri atafute dawa.

Loveness alimkimbilia baba yake akamkumbatia mapaja. Modesta hakukimbia. Alimpeleka mumewe nyuma ya ofisi, kwenye migomba, mahali ambapo lile gari bado lilionekana.

"Mama Loveness, nisamehe," Kristian alianza. "Nilitaka kukwambia mwaka wa kwanza. Kisha nikahamia Kahama. Kisha ukashika mimba, nikasema nisikushtue."

"Nimekuuliza kitu?"

"Hujauliza."

"Sasa nauliza. Unaitwa nani?"

Kristian alilitazama gari. Kioo cha Edgar kilikuwa wazi na redio ilikuwa inaimba taratibu. "Mwaka mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka mmoja tu, Modesta. Wamenipa chumba, wewe na mtoto mtakuja kukaa na mimi. Nikimaliza huu nastaafu, nakwenda mahakamani naapa, narekebisha kila karatasi. Leo andika tu ulifananisha."

"Na mwaka huo mimi nitakuwa mke wa nani?"

"Wangu."

"Wewe nani?"

Alifungua mdomo. Pale pale Edgar akapiga honi kidogo, kwa utani tu, akanyoosha kidole kwenye saa. Kristian akafunga mdomo.

"Tutaongea nyumbani," alisema.

Modesta alitikisa kichwa taratibu. "Nimekuelewa," alisema. "Twende ofisini. Nitaandika."

Kristian alishika mkono wake akashukuru mara tatu, na alikuwa na furaha kiasi kwamba hakuona kuwa mkono alioushika haukumshika yeye.

*

Ofisi ya mchungaji ilikuwa na viti vinne, kwa hiyo wanawake walikaa na wanaume wakasimama. Daftari la ubatizo lilikuwa mezani, limefungwa. Mchungaji alikuwa ameshalisoma usiku uliopita, hakuwa mjinga. Alijua sasa kwa nini kanisa zima lilitazama viatu. Lakini alikuwa na ndoa ya kufungisha, na alijua vile vile kwamba akilifungua lile daftari mbele yao hataweza kulifunga.

"Mimi sisemi nisiloulizwa," alisema. "Mama akiliondoa pingamizi lake kwa hiari yake, Jumapili tunatangaza mara ya tatu. Hajalazimishwa na mtu?"

"Sijalazimishwa," alisema Modesta.

Mchungaji akampa karatasi na kalamu. Modesta aliandika polepole, mwandiko wake wa shule ya msingi, ulimi umetokeza kidogo. Kornelio alikuwa anahesabu mbao za dari. Anord alisimama kando ya Glory na alikuwa amemshika kidole kimoja tu, kidole kidogo, kama mtu anayeogopa kuonekana ameshika zaidi. Yudith alifumba macho. Mpaka kalamu ilipowekwa chini hakuna aliyekuwa na uhakika na chochote.

Mchungaji alisoma kwa sauti. "Mimi Modesta Mgaya wa Makambako nathibitisha kwamba Anord Kornelio Shemhando si mume wangu wala hajawahi kuwa mume wangu." Akashusha karatasi. "Unajua ulichoandika, mama?"

"Si ni kweli?"

Mchungaji alimtazama Kristian, akamtazama Anord. "Ni kweli," alisema, akagonga mhuri.

Yudith aliachia pumzi iliyogeuka kuwa kigelegele kifupi, akajiziba mdomo. Glory alimwegemea Anord waziwazi. Kornelio alianza kushukuru, usharika, wazee, Mungu, mkwe wake.

"Naomba nakala," alisema Modesta.

Alipewa. Akaikunja vizuri akaiweka kwenye bahasha ya kaki, na kutoka kwenye bahasha hiyo hiyo akatoa cheti cha ndoa. Akakiweka mezani mbele ya Yudith, akakinyoosha pembe iliyokunjamana.

"Hiki kina jina la nyumba yenu, mama. Cheti hiki si changu tena, kanisa limeshagonga mhuri." Alimwinua mtoto. "Nimeishi miaka mitano na mwanaume simjui jina. Nilikuwa naona aibu kuolewa na mdogo. Kumbe sikuolewa kabisa."

"Mama Loveness, kaa kwanza," alisema Kornelio.

"Anord," Modesta alimwambia bwana harusi, naye akashtuka kuitwa, "nakutakia heri. Mtunze huyu msichana."

Akatoka. Hakupiga kelele na hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililowaogopesha zaidi.

*

Kristian alibaki mlangoni. Mbele yake, upande wa kulia, Edgar alikuwa nje ya gari anafuta kioo kwa kitambaa. Upande wa kushoto Modesta alikuwa anashuka kuelekea barabarani, ambako basi la kwenda Soni lilikuwa limesimama linapakia magunia ya kabichi. Kila kitu alichoombea wiki nzima kilikuwa kimetimia. Pingamizi limekwisha, mdogo wake anaoa, jina liko salama, na hatua ishirini zilimtenga na gari la kwenda kusaini.

"Imeisha?" Edgar aliuliza. "Twende zetu, Anord."

Nyuma yake alisikia pumzi za mama yake. Alijua kinachomsubiri akienda kushoto: hakuna timu, na mpira ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya. Goti lilimuuma. Alijua pia kwamba Edgar si mtu wa kutunza siri. Loveness alikuwa anamtazama juu ya bega la mama yake, mkono umeinuliwa, hajui kama anaaga au anaita.

Basi liliwasha injini.

"Modesta!"

Hakugeuka. Aliongeza mwendo.

"Kristian!" alipiga kelele. "Naitwa Kristian! Kristian Kornelio! Anord ni mdogo wangu!"

Wapakiaji wa kabichi waliacha kazi. Kitambaa cha Edgar kilisimama katikati ya kioo. Ndani ya ofisi Yudith alisema, "Mame!" kama mtoto aliyejikwaa akimwita mama yake, na Kornelio akakaa chini. Modesta alikuwa amesimama, mgongo bado umemgeukia mumewe.

"Una miaka mingapi?" aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

Miaka kumi na nne Kristian alikuwa akitoa umri wa mdogo wake kwa makocha, madaktari wa timu na waandishi, na lile jibu lilimjia lenyewe mdomoni, akalazimika kulirudisha.

"Thelathini na nne."

Edgar alitamka neno baya taratibu, akafungua mlango wa gari.

Modesta aligeuka. Alirudi hatua kadhaa, mpaka wakabaki wametengwa na dimbwi la maji ya mvua, akamtazama usoni kwa muda, ndevu zilizonyolewa kila siku zisionyeshe mvi, mikunjo ya macho aliyoambiwa ni ya jua. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira, na hakuficha kimojawapo. Kisha akamshusha mtoto chini, akakunja magoti kidogo kama alivyofundishwa kwao kumwamkia mtu aliyemzidi umri, mtu ambaye ndiyo kwanza mnakutana.

"Shikamoo, kaka Kristian," alisema.

Gari lilikuwa limeshawaka. Wachezaji wa miaka thelathini, wadogo kwake, walikuwa wakimwita dogo. Watu wote wa uwanja ule walisubiri, kwa sababu salamu ile haiachwi bila kujibiwa, na anayeijibu amekubali kwamba yeye ndiye mkubwa.

"Marahaba," alisema Kristian, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye gari.